Zulia la Kijani

Henning Lübben alipewa ufunguo wa nyumba yao akiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo hakuwahi kuutumia mbele ya mtu. Akitoka shule aliagana na wenzake kwenye kona ya duka la mikate, akajifanya anafunga kamba za viatu mpaka wapotee, ndipo akazunguka nyuma na kuingia kwa ubavu, maana mlango ule ulifunguka nusu tu. Ndani kulikuwa na njia moja, upana wa mabega ya mtoto, kutoka jikoni hadi kwenye ngazi. Kulia magazeti, kushoto magazeti, na juu ya magazeti viti, taa, mabegi, cherehani mbili, vikopo vya maziwa ya mgando vilivyooshwa na kupangwa. Vyote hivyo alivileta mama yake.

Bi Gesine hakuwa mwendawazimu, na mtu asiniwekee maneno hayo kinywani. Alikuwa mwanamke wa Bremerhaven kama wengine, kakata samaki kiwandani miaka kumi na saba, mwepesi wa kucheka, anayejua jina la mbwa wa kila jirani. Kisha kiwanda kikafungwa, na mwaka huohuo mumewe akahamia Kiel kwa mwanamke mwingine, akachukua kila alichokiita chake, hadi ndoano za mapazia. Huku kwetu mtu akitaka kutupa kochi au kabati huandikisha siku yake manispaa, akaviweka mbele ya nyumba, na kabla lori halijapita, yeyote anajichukulia kinachomfaa. Bi Gesine akaanza kuzipitia siku hizo na baiskeli yenye kigari. Kwanza alileta kiti, kwa sababu mume aliondoka na viti. Baada ya hapo hakuacha tena.

Kila mara aliahidi kusafisha. Aliahidi Henning alipokaribia kupata kipaimara, na kipaimara kikasherehekewa hotelini, watu watatu. Aliahidi tena alipomaliza shule. Alianza kweli, akatoa mfuko mmoja, akaketi juu ya ngazi akiufungua na kutazama ndani, na jioni mfuko ukarudi ulikotoka. Henning akajifunza kuoga kwenye bwawa la kuogelea la mji, kufua kwa mashine za kulipia, na kusema mama amelala, mama anaumwa, mama hapatani na wageni. Akawa kijana mpole, msafi kupita kiasi, asiye na rafiki wa kumwambia lolote.

Ndipo akapata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Göteborg, kule Sweden. Alipewa chumba chenye kitanda, meza na kiti kimoja, na hakuongeza hata picha ukutani. Katika jiko la ghorofa ile aliwapata watu watatu: Jelmer wa Groningen, mrefu, mdomo haukai; Asger wa Odense, mtaratibu, mpenda kula; na Nolwenn wa Rennes, aliyemwita kila mtu kwa jina la kumchokoza. Henning akaitwa naye Profesa wa Treni, kwa sababu alijua ratiba zote kichwani. Kwa mara ya kwanza maishani mtu aligonga mlango wake bila yeye kushtuka.

Mwezi wa tano, masomo yakiisha, walikuwa wameketi jikoni wakijiuliza watasafiri vipi na mifuko yao iko wazi upande wa chini.

"Hoteli za nini?" Jelmer akasema. "Sisi wote si tuna mama? Tunalala sakafuni kwa kila mmoja, tunakula mezani kwa mama yake, tunahamia mji mwingine. Nyumba nne, miji minne."

"Mama yangu atafurahi mpaka augue," Asger akasema.

"Profesa, andika basi," Nolwenn akamwambia Henning. "Wewe ndiye mwenye treni zako."

Hapo ndipo angesema hapana. Angesema nyumba inapakwa rangi, angesema lolote. Lakini hakuwahi kuhesabiwa katika jambo lolote la watu, na sasa alihesabiwa wa nne, na utamu wa kuhesabiwa ukamlevya. Aliandika anwani nne na simu nne kwenye karatasi, na ya kwao akaiandika sawasawa na za wengine. Akaiweka ya mwisho. Moyoni alisema wiki sita ni nyingi, watu watachoka, watagombana, mmoja ataugua tumbo, safari itavunjika kabla ya kufika kwetu.

Asger alitazama karatasi. "Wewe bwana, kutoka kwetu Odense hadi kwenu ni mwendo wa asubuhi moja. Mbona unatupeleka mpaka Ufaransa, kisha unaturudisha?"

"Bahari ya kwetu inapendeza mwezi wa saba."

"Bremerhaven inapendeza?" Jelmer akasema. "Nimepita pale. Hata ndege wa baharini wana sura ya kufiwa."

Wakacheka, na Henning akacheka nao. Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa friji.

Odense walikaa siku tano. Mama yake Asger, Bi Birthe, alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kupanga mambo, na siku ya pili, bila kumwuliza mtu, alitazama ile karatasi, akachukua simu akampigia Bi Gesine. Henning alikuwa bustanini akichuma stroberi aliposikia jina la mama yake likitajwa kwa Kijerumani cha shuleni. Alisimama na bakuli mkononi. Bi Birthe alikuwa anasema mwanao ana adabu, anaosha vyombo bila kuambiwa, na asante sana kwa kuwapokea watoto wetu mwezi ujao.

Baada ya nusu saa simu yake mwenyewe ikalia. Akaenda nayo nyuma ya banda.

"Wanakuja wangapi?" mama yake akauliza.

"Mama, hawaji. Usijisumbue."

"Yule mama amesema wanakuja. Wangapi?"

"Watatu. Na mimi wa nne."

 Kwa nyuma ilisikika redio, ile iliyozikwa mahali fulani chini ya makoti na ambayo hakuna aliyeweza kuifikia kuizima.

"Nitafanya chumba," akasema.

"Sawa, mama," Henning akajibu, kwa sauti aliyoitumia kwa ahadi zote zilizopita. Akarudi kuchuma stroberi.

Walienda Groningen kwa basi la bei ya chini, mikate na jibini kwenye mifuko, miguu ya Jelmer ikiwa imelala juu ya mapaja ya watu wawili. Basi lilipita Bremen. Henning aliona kibao chenye jina la kwao, na kwa muda wa kibao hicho alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwona.

Kwa kina Jelmer kalenda ya siku za kuzaliwa ilining'inia chooni, kama ilivyo kwa nyumba zote za kule, na mama yake Jelmer akawaandika wote watatu humo kwa kalamu. *Henning*, tarehe tisa mwezi wa kumi na moja, kati ya shangazi mmoja na mtoto wa jirani. Henning aliketi chooni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akiisoma. Pale pale simu ikatetema. Mama yake alikuwa ameandika: *Nimeanza na dirisha la sebule. Linafunguka.*

Hakujibu. Siku ya tatu ukaja mwingine: *Nimefikia zulia. Ni la kijani. Nilikuwa nimesahau.* Na mwingine: *Manispaa wamenipa siku. Ni tarehe kumi na nane.* Aliamini? Hakuamini hata chembe. Alijua mama yake anavyoandika akiwa ameketi juu ya ngazi na mfuko wazi magotini. Ujumbe ulivyozidi kuwa mtamu, ndivyo alivyozidi kuogopa, maana sasa watatu hawa wangepokelewa mlangoni na mwanamke anayesema karibuni, chumba kiko tayari, na nyuma yake ukuta wa magazeti.

Wakafika Rennes, na hakuna aliyekuwa amegombana. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Hakuna aliyeugua, hakuna aliyechoka. Walilala wanne sebuleni kwa mama yake Nolwenn, Bi Soazig, ghorofa ya nne, na kila usiku kabla ya kuzima taa Jelmer alisema, "Zimebaki siku saba, tunakwenda kuona hao ndege waliofiwa." Kisha sita. Kisha tano.

Jumamosi walikwenda sokoni wakala soseji zilizozungushiwa chapati ya ngano nyeusi. Wakirudi, walikuta mtaa wa jirani umefungwa kwa utepe. Watu waliovaa barakoa na nguo nyeupe walikuwa wanatoa vitu kwenye nyumba ya chini: magunia, viti, marundo ya karatasi yaliyooza. Harufu ilifika mpaka barabarani.

"Duh," Jelmer akasema akiziba pua. "Humu alikuwa anaishi mtu au panya?"

"Wote wawili, kwa mkataba," Asger akajibu, na Nolwenn akacheka mpaka akamwagikiwa na haradali.

Bi Soazig hakucheka. Alisimama na kapu lake la mboga. "Maskini," akasema. "Lakini kama ana mtoto, huyo mtoto yuko wapi? Mtoto gani anamwacha mama yake aishi hivi?"

Henning alisema anahisi joto. Akatangulia nyumbani.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye kibaraza peke yake, na ujumbe ukaingia. *Magodoro manne. Shuka ni mpya, sijazifungua, nataka uzifungue wewe. Keki ya siagi naoka Alhamisi. Anakula nini yule Mfaransa?* Aliusoma mara mbili. Nolwenn akatokea mlangoni na vikombe viwili vya kahawa.

"Profesa, mbona umebadilika rangi?"

"Mama."

"Mama kafanyaje?"

Mimi nimeishi na watu hawa maisha yangu yote na ninajua aibu inavyobana, lakini kwa neno lile sitamtetea. Hakulipanga, hilo nakubali. Lilitoka kana kwamba lilikuwa limekaa mdomoni miaka kumi na minne likingoja aulizwe.

"Amefariki," akasema.

Nolwenn aliweka vikombe chini, akamkumbatia. Ndipo Henning akalia, na kilio kile kilikuwa cha kweli kabisa, na ndiyo sababu wote waliamini. Jelmer, yule wa mdomo, aliketi sakafuni akashika mguu wa Henning. Asger tayari alikuwa anafunga mabegi.

"Tunakwenda nawe," akasema. "Treni ya saa sita. Wote."

"Hapana."

"Usiseme hapana. Huwezi kwenda peke yako."

"Kwetu mazishi ni ya ukoo tu," Henning akasema. "Mgeni haji. Ndivyo desturi yetu ilivyo."

Desturi hiyo haipo. Kwetu jirani akifa hata mtu wa posta huja kunywa kahawa. Lakini hawa watatu walikuwa wamekaa mwaka mzima kwenye jiko la watu wa nchi kumi na moja, na kama kuna jambo moja walilojifunza ni hili: usiihoji desturi ya mwenzio. Asger akaacha mabegi. Jelmer akaitikia kwa kichwa. Adabu yao njema ndiyo iliyomfungia mlango, na Henning akapita kwenye uwazi uliobaki, kwa ubavu, kama alivyozoea.

Bi Soazig alimfungia mikate na mayai. Mlangoni akamshika mashavu akasema, "Alikuwa na bahati kukupata, mwanangu." Henning akashuka ghorofa nne bila kugusa mkono wa ngazi.

Hakwenda nyumbani. Angefika siku tatu kabla ya keki na angemwambia nini? Alishuka Brussels, akakodi kitanda kwenye chumba cha watu kumi na wawili, akazima simu, akalala mchana na kutembea asubuhi. Siku nne. Alikuwa ametunga hadithi ya kumpa mama: wenzake wameishiwa, wamerudi makwao. Uongo mdogo huo, wa kawaida, ambao ungemtosha tangu mwanzo.

Alifika Bremerhaven Ijumaa, saa nane mchana. Tangu kona ya duka la mikate aliona rundo. Mbele ya nyumba yao, kutoka uzio hadi nguzo ya taa, vitu vilikuwa vimepangwa kwa utaratibu: viti juu ya viti, magazeti yaliyofungwa kwa kamba, makabati, taa, cherehani mbili. Alisimama. Dirisha la sebule lilikuwa wazi na pazia lilikuwa linapepea nje.

Aliingia kwa mlango wa mbele. Ulifunguka wote, ukagonga ukuta, na mgongano ule ulimshtua kuliko kitu kingine. Sebule ilikuwa tupu. Zulia lilikuwa la kijani, limefifia pembeni na jipya kabisa katikati, pale ambapo jua halikufika miaka yote ile. Magodoro manne, na juu ya kila godoro shuka ndani ya mfuko wake wa plastiki. Meza ilikuwa imeandaliwa vikombe vitano. Sinia la keki lilikuwa limefunikwa kitambaa, na halijakatwa.

Bi Gesine alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja. Alikuwa amekonda, na mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

"Umekuja peke yako," akasema.

"Wameishiwa, mama. Wamerudi makwao."

"Najua hawaji. Wameniandikia."

Akaelekeza kidole mezani. Kati ya vikombe palikuwa na bahasha nyeupe yenye ukingo mweusi. Huku kwetu hakuna asiyeijua bahasha hiyo ya rambirambi. Mtu huiogopa kabla hajasoma jina.

"Iliandikwa Familia Lübben," mama akasema. "Yule wa posta aliniletea mkononi, hakuiacha sandukuni. Akaniambia, pole, Bi Lübben, nani tena? Nikamwambia sijui, ngoja nifungue. Nikaifungua mbele yake."

Henning hakukaa. Hapakuwa na mahali pa kutazama. Kila upande aliogeukia ulikuwa safi.

"Nikamwambia ni shangazi yangu," mama akasema. "Sikukuaibisha."

"Mama."

"Yule Mholanzi anaandika Kijerumani vizuri. Anasema walikuwa wanasubiri kunijua. Msichana anasema ulimwambia nilikuwa nakata samaki haraka kuliko mashine. Ulimwambia kweli?"

"Ndiyo."

"Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia maneno kama hayo." Akailainisha bahasha kwa mkono mzima. "Ulisema nimekufa kwa nini?"

"Sikusema. Hawakuuliza."

"Moyo," akasema. "Sema ni moyo. Ukiulizwa."

Alitaka kupiga magoti. Alitaka kumwambia kwamba hakuamini, kwamba angeamini hata ujumbe mmoja asingesema lile neno, kwamba dirisha, zulia, yote yale alidhani ni maneno tu. Akafungua mdomo na kilichotoka ni kuuliza mkono umefanyaje.

"Kioo cha kabati," mama akasema. Kisha akasimama. "Lori linakuja kesho asubuhi. Nisaidie."

Alidhani anataka msaada wa kumalizia kutoa vilivyobaki jikoni. Alimfuata nje. Bi Gesine alikwenda moja kwa moja kwenye rundo, akakiinua kiti cha juu kwa mkono wake wa kushoto, kile kiti cha kwanza kabisa, akageuka nacho kuelekea ndani.

"Mama, acha. Tafadhali acha. Nitawapigia, nitawaambia ukweli, watakuja."

"Watakuja kumwona nani?" akauliza. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

 Henning alimwona akipita mlangoni na kiti, akiburuta mguu mmoja, kisha akirudi kushika kabati. Mtu anayeona mama yake mwenye mkono mmoja anabeba kabati hasimami akitazama, hata kama anajua linakwenda wapi. Alishika upande wa pili. Walifanya kazi mpaka jua likashuka, bila kuongea ila "inua" na "taratibu", na majirani waliokuwa wametoka kutazama wakarudi ndani mmoja mmoja. Magodoro yaliwekwa wima ukutani. Zulia la kijani lilibaki kama kitambaa katikati ya chumba, kisha kama sahani, kisha halikuonekana. Keki ilibebwa jikoni na sinia lake.

Kadi iliyokuwa ndani ya bahasha ile Bi Gesine hakuizika. Ilikaa juu ya redio mpya aliyoitoa kwenye rundo, mahali unapopaona ukiingia.

Henning sasa ana miaka thelathini na minne. Kazi yake ni bandarini, anashusha magari mapya kutoka melini, anayaendesha dakika nne na kuyaacha kwenye mistari. Hakumaliza chuo. Anaishi chumba cha juu, na anaingia kwa mlango wa nyuma. Wale watatu walimwita harusini kwa Asger, kisha kwa Nolwenn, na alijibu kila mara kwamba kazi imembana. Lakini kila mwaka, tarehe aliyosema lile neno pale kibarazani, Nolwenn humwandikia, na haruki hata mwaka mmoja.

Mwaka huu ujumbe uliingia wakiwa wanakula supu, yeye kwenye ngazi ya tatu, mama kwenye kiti chake kati ya makoti.

"Ni wale?" Bi Gesine akauliza.

"Ndiyo."

"Wanasemaje?"

"Wanakukumbuka."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na supu yake. "Watu wazuri," akasema. "Wajibu, usiwaweke."

Henning akaandika asante, akaituma.